Mtihani wa Kuingilia Chuo cha Sheria: Hifadhi Peke Yake Haitoshi



Mwezi wa Novemba 2023, baada ya sala ya Isha, nilipigiwa simu na binti wa marehemu dada yangu, ambaye anakaa na baba yake katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Aliniamkia kama ilivyo desturi, nami nikamwitikia, kisha akanyamaza. Nilipomwuliza kulikoni, alisema, "Mjomba, nimeanguka." Alikuwa amefanya mtihani wa kuingilia chuo cha sheria, akapata alama 149, na vyuo alivyovitamani vilitaka zaidi ya hizo. Baba yake, ambaye huendesha lori usiku na mchana ili watoto wake wapate kusoma, alikwisha kumwambia kwamba fedha zilizotumika zatosha, na kwamba yafaa sasa atafute kazi kama wenziwe.

Nami, ndugu zangu, nilikuwa na sehemu yangu katika kosa lile. Alipoanza kujitayarisha aliniomba nasaha, nikampa ile niliyokuwa nayo. Nilimwambia, "Hifadhi, mwanangu. Rudia mpaka ulimi uzoee." Kwa utiifu wake akayakariri maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, kama mtoto wa madrasa anavyokariri juzuu ya Amma. Alipoketi mbele ya mtihani hakukuta hata swali moja katika yale aliyoyahifadhi.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Tanga, na elimu yangu ya shule haikupita darasa la saba. Hifadhi ndiyo iliyonilea, wala siidharau. Lakini kila elimu ina mlango wake, na mwenye kugonga ukuta hafunguliwi. Tangu usiku ule nilimwomba binti yangu anieleze mtihani huu ni kitu gani, tukaanza upya pamoja. Haya tuliyojifunza nimeona yafaa kuyaandika, kwani vijana wetu wengi walioko Marekani na Canada wanataka kusoma sheria, na wazazi wao hawajui wawasaidieje.

MTIHANI WENYEWE

Kwetu Tanzania na Kenya kijana huingia chuo kikuu kusoma sheria kwa matokeo yake ya sekondari. Huko Marekani sivyo. Mwanafunzi humaliza kwanza shahada moja ya fani yoyote, kisha ndipo huomba nafasi katika chuo cha sheria, ambako husoma kwa muda wa miaka mitatu. Katika maombi hayo hutakiwa mara nyingi alete alama za mtihani uitwao LSAT, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Vyuo vingi vya sheria vya Canada vinavyosomesha kwa Kiingereza navyo huutaka. Siku hizi viko vyuo vinavyokubali mtihani mwingine uitwao GRE, lakini LSAT ndio unaotumiwa na waombaji walio wengi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mtihani huu haumwulizi mtu sheria hata moja. Hauulizi historia, wala hesabu, wala majina ya mahakama. Unapima jinsi mtu anavyosoma maneno magumu na jinsi anavyozipima hoja za watu. Ndiyo maana hifadhi haikumfaa binti yangu: hapakuwa na kitu cha kuhifadhi.

Jambo la pili ni kwamba mtihani huu hauna kufaulu wala kuanguka. Alama zake huanzia 120 na kuishia 180, na alama ya katikati huwa juu kidogo ya 150. Kila chuo kina kiwango chake. Katika vyuo mashuhuri kama Harvard na Yale, zaidi ya nusu ya wanaokubaliwa wana alama zaidi ya 170. Lakini viko vyuo vingi vyema ambavyo havitaki kiasi hicho. Basi kabla ya kijana kulia au kufurahi, na atazame kwanza chuo anachokitaka hupokea watu wenye alama ngapi.

Tangu mwezi wa Agosti 2024 mtihani umepangwa hivi. Kuna sehemu nne, kila moja ya dakika 35, na baada ya sehemu mbili za kwanza kuna mapumziko ya dakika 10. Sehemu mbili ni za kupima hoja, na moja ni ya kusoma na kufahamu; hizo tatu ndizo zinazohesabiwa. Sehemu moja zaidi haihesabiwi, bali hutumiwa kujaribia maswali mapya. Lakini mtahiniwa haambiwi ni ipi, kwa hiyo hana budi kuzifanya zote kwa bidii moja. Zamani palikuwa na sehemu nyingine ya mafumbo ya kupanga watu na vitu kwa masharti, ambayo wengi waliyafanya kwa kuchora michoro. Iliondolewa baada ya suluhu ya mwaka 2019 na watahiniwa vipofu, ambao walishitaki kwamba michoro ile iliwadhulumu. Mwenye kununua vitabu vilivyotumika na ajihadhari, asije akapoteza miezi kwa jambo lisilokuwamo tena.

Pamoja na hayo iko insha, ambayo huandikwa mbali na mtihani: dakika 15 za kujitayarisha na dakika 35 za kuandika. Haina alama, lakini hupelekwa vyuoni na kusomwa.

KUPIMA HOJA

Tulianza na sehemu hii, kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Kila swali lina maneno machache ya mtu anayedai jambo fulani, kisha huulizwa: dai lake linasimama juu ya nini? Ni kitu gani kingelidhoofisha? Kosa lake liko wapi? Majibu huwa matano, na moja tu ndilo sahihi.

Mimi Kiingereza sikijui. Basi tukafanya hivi: kila siku ya Jumamosi alichagua maswali matatu ya mazoezi yaliyomshinda, akanieleza kila moja kwa Kiswahili katika simu. Mwanzoni alishindwa kunieleza, na hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa akiyasoma maneno bila ya kuyafahamu. Kumweleza mtu asiyejua kulimlazimisha aivue hoja mapambo yake yote na kubakisha mifupa: huyu anadai nini, na dalili yake ni ipi? Huu ndio mwanzo wa kazi yote. Kijana na aitafute kwanza natija, yaani lile ambalo msemaji anataka tulikubali. Kisha atafute dalili zake. Kisha ajiulize, baina ya dalili na natija kuna pengo gani?

Nitatoa mifano. Mtu akisema, "Mwalimu huyu amefundisha miaka thelathini, kwa hiyo anafaa kuwa mkuu wa madrasa," dalili yake ni miaka thelathini, na natija yake ni kwamba anafaa. Lakini kuna dhana iliyofichika, nayo ni kwamba kufundisha muda mrefu kwatosha kumfanya mtu ajue kuongoza. Mimi mwenyewe nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, na wanaonijua watakwambia kwamba daftari la ada likiwekwa mikononi mwangu hupotea! Mwenye kuliona pengo hilo amelijibu swali.

Au mtu aseme, "Tangu soko lihamishiwe karibu na stendi, wauza samaki wamepata faida zaidi, basi kuhama ndiko kulikoleta faida." Jambo lililokuja baada ya jingine si lazima liwe limeletwa nalo. Huenda miezi ile ilikuwa ya bahari shwari na samaki tele. Maswali mengi ya mtihani huu yamejengwa juu ya kosa hili moja.

Mfano wa tatu ni wa masharti. Katika madrasa yangu kila anayeingia darasani huvua viatu. Je, ukimwona mtoto hana viatu, waweza kusema ameingia darasani? La, huenda anacheza tu uwanjani. Lakini ukimwona amevaa viatu, waweza kusema bila ya shaka kwamba hakuingia. Sharti hugeuzwa kwa kukanushwa pande zote mbili. Haligeuzwi kwa kupinduliwa tu. Kadhalika neno "ila." Nikisema, "Hutoki ila umemaliza sura," sikuahidi kwamba kila aliyemaliza atatoka; nimesema tu kwamba asiyemaliza hatatoki. Na vivyo hivyo "baadhi" si "wengi," wala "wengi" si "wote." Tulikaa wiki nzima juu ya maneno haya madogo, na binti yangu alisema yalimfaa kuliko kitabu kizima alichokinunua.

Waliosoma usuli wa fiqihi hawataona ugeni katika haya. Katika kiyasi hutafutwa asili, tawi, hukumu na sababu inayoviunganisha. Na hoja ya kiyasi huanguka pale sababu isipokuwamo katika tawi. Yapo maswali katika mtihani huu yanayompa mtu hoja moja na kumtaka atafute nyingine iliyojengwa kwa umbo lile lile, na mengine yanayotoa kanuni na kutaka tukio linaloingia chini yake. Nilipomweleza jambo hili binti yangu alicheka, akasema, "Kumbe, mjomba, ulikuwa unaujua mtihani huu siku zote!" Sikuujua; lakini wanavyuoni wetu walitufundisha kupima maneno kabla ya kuyakubali.

KUSOMA NA KUFAHAMU

Sehemu ya kusoma ina mafungu manne ya maswali. Matatu huwa na makala moja ndefu kila moja, na la nne lina makala mbili fupi zinazolinganishwa. Mambo yake hutoka katika sheria, sayansi, sanaa na elimu ya jamii, na kwa kusudi huchaguliwa mambo ambayo msomaji hayajui. Ukigawa dakika 35 kwa mafungu manne, kila fungu lina chini ya dakika 9.

Kosa la wanafunzi wengi ni kutaka kushika kila jina na kila tarehe. Majina yapo pale pale. Waweza kurudi kuyatazama. Kinachotakiwa ni kujua mwandishi amesimama wapi. Anakubali au anapinga? Anasifu nusu na kulaumu nusu? Na kila aya imeletwa kwa kazi gani: kutoa dai, kutoa mfano, au kumjibu mpinzani? Binti yangu alijizoeza kusimama mwisho wa kila aya na kusema kwa maneno sita au saba kazi ya aya ile. Mwanzoni ilimchelewesha, baada ya mwezi ilimharakisha, kwa sababu alipofika katika maswali alijua pa kwenda.

Na anayetaka kuimarika katika sehemu hii na asome kila siku, hata siku zisizo za mazoezi, makala nzito za magazeti na majarida juu ya mambo yasiyompendeza. Anayesoma anachokipenda tu hukutana na asichokipenda siku ya mtihani.

DAFTARI LA MAKOSA

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lilimwokoa. Wengi hufanya jaribio, husahihisha, huhesabu alama, kisha hukimbilia jaribio jingine. Hivyo hurudia makosa yale yale mara mia na kuyaita mazoezi.

Njia iliyo bora ni hii. Kijana afanye jaribio kwa saa. Kila swali alilokuwa na shaka nalo alitie alama. Akimaliza, asitazame majibu! Ayarudie yale yenye alama pasipo saa, kwa utulivu, akiandika jibu la pili kando ya lile la kwanza. Kisha ndipo asahihishe yote mawili. Kama jibu la kwanza lilikuwa kosa na la pili ni sahihi, ugonjwa wake ni haraka, na dawa ni mazoezi ya saa. Kama yote mawili ni makosa, ugonjwa ni kutofahamu, na dawa ni kurudi katika somo lenyewe. Tabibu hatoi dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Kila kosa liandikwe katika daftari kwa mambo manne: swali lilikuwa la namna gani, kwa nini nilivutwa na jibu la kosa, kwa nini jibu la haki ni la haki, na mara nyingine nitafanya nini. Binti yangu alikuwa na daftari la jalada la kijani. Baada ya miezi mitatu alilipitia lote, akaona kwamba nusu ya makosa yake yalitoka katika tabia moja: alichagua jibu lenye maneno mazito kupita dai lenyewe. Mtu akisema "huenda," yeye alichagua "kwa yakini." Kuijua tabia hiyo moja kulimpa alama nyingi kuliko majaribio kumi.

MPANGO WA MIEZI NA SIKU

Kwa anayesoma huku akifanya kazi, miezi minne hadi sita si mingi. Mwanzoni afanye jaribio moja zima ili ajue amesimama wapi. Miezi ya kwanza ajifunze bila ya saa mpaka usahihi upatikane. Kasi ni mtoto wa usahihi, na mtoto hamtangulii mzazi. Kisha aingie katika sehemu moja moja kwa dakika 35. Miezi ya mwisho afanye majaribio mazima, moja kwa wiki, au mawili kwa wingi, na siku moja ya kupumzika kabisa. Baraza linalotoa mtihani huu limeweka katika intaneti majaribio kadhaa kamili ya kutumia bila malipo, na mengine mengi kwa ada ya mwaka. Majaribio halisi yana thamani kuliko yaliyotungwa na wauza vitabu; yasichomwe ovyo katika wiki za mwanzo.

Binti yangu alisoma baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, saa moja na nusu tu. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2024 alipunguza, akafanya maswali kumi kila siku na kuyapitia vizuri. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku ya mtihani na akumbuke mambo matatu. Sehemu ya hoja ina maswali yapatayo 25. Kila moja lina chini ya dakika moja na nusu, na yote yana uzito mmoja. Kwa hiyo swali gumu lirukwe, kisha lirudiwe. Jibu la kosa halipunguzi alama. Kwa hiyo asiache hata swali moja bila ya jibu. Na siku iliyotangulia asisome chochote, bali apumzike na alale mapema.

KWA WAZAZI

Mtihani huu una gharama, na nyumba nyingi huumia. Upo msamaha wa ada kwa wasio na uwezo, lakini huombwa mapema kabla ya kujiandikisha. Wengi huukosa kwa kutojua tu. Mwenye ugonjwa au ulemavu aweza kuomba nafasi ya ziada, nayo pia kwa maombi ya mapema. Mtahiniwa huruhusiwa kuufanya mara tano katika kipindi cha miaka mitano, na mara saba katika maisha yake. Kurudia si aibu. Lakini kurudia bila ya kubadili njia ni kupoteza fedha.

Na zaidi ya fedha, kijana huhitaji utulivu. Msimwulize kila jioni amepata ngapi. Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Mpeni saa yake moja na nusu bila ya kumtuma dukani, wala kumpa mdogo wake amlee. Wasichana hasa huonewa katika jambo hili: hutakiwa wasome kama wanaume na watumike kama hawasomi. Shemeji yangu alipokwisha kufahamu mtihani ulivyo, alikubali jaribio la pili kwa sharti moja, kwamba lisichukuliwe la tatu. Na asubuhi za Jumamosi alichukua kazi ya jikoni yeye mwenyewe, ijapokuwa alikuwa ametoka barabarani usiku kucha.

Mwezi wa Septemba 2024 binti yangu aliufanya mtihani kwa mpango wake mpya, akapata alama 159. Si alama za Harvard, wala hakuzitaka. Zilimtosha kwa chuo kilicho karibu na nyumbani, nacho kikampunguzia ada. Mwezi wa Agosti 2025 alianza masomo yake ya sheria.

Alipompa baba yake habari, mzee yule hakusema neno la furaha wala la kusifu. Alimwuliza tu, "Lile daftari lako la kijani uliliweka wapi?" Akalichukua, akalifunga katika mfuko wa nailoni lisipate unyevu, akaliweka kabatini pamoja na hati za nyumba. Mdogo wake binti huyo yuko sekondari, naye asema atasoma sheria.

Basi, ndugu wasomaji, hifadhini yanayohifadhiwa, na fahamuni yanayofahamiwa. Na mwalimu akikosea nasaha, kama nilivyokosea mimi, asione haya kurudi darasani.

Wabillahi tawfiki.